KIJANA YU TAYARI. JE, SERIKALI IKO TAYARI?



Kila viongozi wasimamapo jukwaani kuzungumza juu ya siha ya raia, husikika lawama ile ile: kwamba madaktari vijana hawataki kwenda shamba, kwamba wamezoea taa za umeme na barabara za lami, kwamba uzalendo umewatoka. Lawama hii imekaririwa hata wengi wameiamini. Leo twataka kuiweka katika mizani, kwani mwenye kutuhumiwa ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa.

Mfano wetu twauchukua mbali na bahari, katika Nyanda za Juu za Kusini, mikoa ya Mbeya na Iringa. Pengine msomaji wa Kisiwani atauliza: ya Mbeya yatukhusu nini, ilhali afya si jambo la Muungano? Jawabu lake ni jepesi. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, na kijana wa Pemba na kijana wa Rungwe hukaa benchi moja. Tena maradhi ya uongozi ni yale yale pande zote mbili. Kama huko Bara madaktari walivyorundikana Dar es Salaam, na hapa kwetu tumewarundika Mnazi Mmoja, na wa Micheweni akaachiwa dua na subira.

Tuitazame kwanza nchi yenyewe. Mji wa Iringa uko takriban kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, na Mbeya zaidi ya kilomita 800. Barabara kuu ya lami yapita huko, lakini wagonjwa hawakai barabarani. Wako katika milima ya Kilolo, wako Pawaga na Usangu, wako Chunya, wako Kyela ambako maji ya masika hufurika. Na maradhi hayakuwahurumia kwa kuwa wako mbali. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2016 hadi 2017 ulionyesha kuwa virusi vya UKIMWI vimewapata asilimia 11.4 ya watu wazima wa Njombe, iliyokuwa sehemu ya Iringa hadi mwaka 2012. Iringa asilimia 11.3, na Mbeya asilimia 9.3, ilhali kwa nchi nzima ilikuwa karibu asilimia 5. Mgonjwa wa namna hii hatoshelezwi na dawa ya siku moja. Anahitaji mtu wa kumwangalia mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka.

Mzigo huu, kwa muda mrefu, sehemu kubwa wameubeba wamisheni: Tosamaganga karibu na mji wa Iringa, Ilula, Ilembula, na Igogwe upande wa Rungwe. Huko Tosamaganga wamekuwa wakija madaktari vijana wa Italia wanaosomea ubingwa, wakiletwa na shirika la CUAMM la Padova, lililoanzishwa mwaka 1950. Hukaa miezi kadhaa, wakitibu na wakijifunza, kisha hurejea kwao. Twawashukuru kwa moyo safi. Lakini twauliza: ikiwa kijana wa Padova aweza kutayarishiwa nyumba, mwalimu na muda maalumu wa kazi, kwa nini asitayarishiwe kijana wa Mbeya, ambaye hahitaji tikiti ya ndege wala mkalimani?

Wala haisemeki tena kwamba hatuna wasomi. Marehemu Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kuwa mwaka 1961 Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Skuli ya udaktari ikafunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, na hivi leo vyuo ni vingi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeweka chuo chake cha afya huko huko Mbeya, na hili twalisifu bila ya choyo. Shirika la Afya Duniani, katika nasaha zake za mwaka 2010, lilisema wazi: wachukuliwe wanafunzi waliozaliwa vijijini, skuli ziwekwe nje ya miji mikuu, na mwanafunzi apelekwe shamba angali anasoma. Mche ulioota katika udongo wake haushituki ukipandwa hapo hapo.

Lakini tazama yanayomfika mche huo. Kijana husoma miaka mitano, akafanya mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, kisha akaambiwa: ngoja. Wako waliofanya kazi wodini kwa kujitolea, bila ya mshahara, wakisubiri jina litoke katika orodha. Na ushahidi mkubwa aliutoa mkuu wa nchi mwenyewe. Mwezi wa Machi mwaka 2017 Rais Magufuli alikubali kuipatia Kenya madaktari 500. Vijana wakaomba, na waliotimiza masharti wakawa 258. Mahakama ya Kenya ilipoizuia safari hiyo, mwezi wa Aprili Rais akaamuru wote 258 waajiriwe nyumbani.

Twasema alifanya vyema. Lakini mwenye akili na afikiri. Watu 258, waliosoma na kufuzu, walikuwa tayari kuvuka mpaka ili watibu wagonjwa wa nchi nyingine, na wakati huo huo Mbeya na Iringa wana zahanati zisizotimia wahudumu. Nafasi zao zilikuwa wapi kabla ya kesi ile? Ikiwa zilipatikana kwa amri ya siku moja, basi kilichokosekana si fedha peke yake, wala si uzalendo wa vijana. Kilichokosekana ni nia.

Wako watakaotujibu: vijana hawa wapenda fedha, mwaka 2012 waligoma na wagonjwa wakateseka. Kweli waligoma, na kuteseka kwa mgonjwa hakuna mwenye insafu akufurahiaye. Lakini mgogoro ule ulianza mwezi wa Januari kwa posho za madaktari walio mazoezini zilizocheleweshwa, kisha ndipo yakaongezeka madai ya mishahara, nyumba na vifaa vya kazi. Mwezi wa Juni kiongozi wao, Dokta Steven Ulimboka, alitekwa usiku, akapigwa vibaya, akatupwa Mabwepande. Vijana wengi wa mazoezi wakasimamishwa. Fimbo haikuleta daktari hata mmoja katika kijiji chochote.

Na dai la vifaa si dai la anasa. Mfikirie daktari mmoja katika hospitali ya wilaya, usiku wa mvua, amepokea mama ambaye mtoto amekwama tumboni. Anahitaji damu, anahitaji taa isiyozimika, anahitaji mtu wa kutoa dawa ya usingizi na mkunga wa kumshikia. Asipokuwa navyo, elimu yake yote haimfai kitu. Atakuwa shahidi wa kifo tu. Kesho jamaa watamlaumu yeye, si bohari iliyokosa damu. Akishuhudia hayo mara tatu au nne, akaondoka, je, amekimbia shamba au amekimbia kuwa shahidi?

Sisi wenye maduka twalijua jambo hili. Tajiri akifungua duka shamba, akampeleka karani bila ya bidhaa, bila ya mizani, na bila ya mahali pa kulala, hana haki ya kumtukana karani kwa kukosa mauzo. Hata mtoto mdogo ataona kuwa kosa ni la tajiri.

Kwa hiyo, badala ya kulaumu, twataka mambo manne yafanywe, Bara na Visiwani.

Kwanza, kijana aliyekubali kwa khiari yake kwenda shamba apewe ajira katika muda unaojulikana, asiachwe akizeeka mlangoni mwa ofisi.

Pili, nyumba itangulie, daktari afuate. Hili lawezekana: Taasisi ya Mkapa, tangu ilipoanza mwaka 2006, imeajiri wahudumu wa afya kwa mikataba katika wilaya za pembezoni na kuwajengea wengine nyumba. Linalowezwa na taasisi haliishindi Serikali.

Tatu, awekewe miaka maalumu, na akiitimiza awe wa mwanzo kupelekwa kusomea ubingwa. Leo aliye mjini, karibu na maprofesa na wakubwa, ndiye apatae khabari za masomo. Wa Chunya husikia muhula umekwisha kuanza. Na kwa kuwa sheria ya mwaka 2016 ilipandisha makato ya mkopo wa elimu hadi asilimia 15 ya mshahara, aliyehudumu shamba apunguziwe deni hilo kwa kila mwaka wa kazi.

Nne, dawa na damu zifike. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ni jambo jema, lakini kadi ya bima haishiki mkasi wala haizalishi.

Nanyi vijana wa udaktari tunalo neno kwenu, maana haki haina upande mmoja. Wapo miongoni mwenu walioripoti kazini, wakapata namba ya mshahara, kisha wakatafuta njia ya kurudi mjini kabla hata ya kulijua jina la mwenyekiti wa kijiji. Hao ndio wanaoipa nguvu lawama inayowapiga wenzao. Mkulima wa Kilolo na mvuvi wa Kojani wamechangia kodi iliyowasomesha. Nanyi mnadaiwa.

Hatusemi haya kwa kuwa sisi ni upinzani. Hata chama chetu kingekuwa madarakani tungetaka tuulizwe haya haya. Serikali imekwisha kuahidi: katika mpango wake wa afya ya msingi wa mwaka 2007 ilisema kila kijiji kitapata zahanati na kila kata kituo cha afya. Muda wa mpango huo ulikwisha mwaka 2017. Ahadi ni deni, na mdai wa deni hili si mwanasiasa. Ni mama aliyebebwa kwa machela, anayefikishwa penye jengo jipya lenye rangi nzuri, akaukuta mlango umefungwa.