Msikilizaji Hana Bidhaa

Sheria ya fedha za serikali za mitaa inaitaka kila halmashauri ya Tanzania itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, iwakopeshe bila riba wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni sheria njema, na ina makovu yake: mikopo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya kugundulika kwamba vikundi hewa vilichota na kutokomea, ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Leo kinamama wa cherehani, vijana wa bodaboda na wafuga kuku wanaujua mlango wa kubisha hodi. Lakini na aende kwa afisa maendeleo ya jamii mama mmoja wa mtaani na wenzake, aseme: “Mheshimiwa, kikundi chetu kinakaa na watu waliolemewa na mawazo. Tunawasikiliza, tunawatembelea nyumbani, waliozidiwa tunawapeleka zahanati.” Afisa, tena kwa heshima zote, atauliza swali ambalo kila mkopeshaji hana budi kuuliza: “Sasa mama, marejesho mtayatoa wapi?”

Mama hana jibu, wala kukosa jibu si kosa lake. Mshonaji anauza nguo; msikilizaji hana bidhaa. Kijana aliyejifungia chumbani miezi na miezi akianza tena kwenda kibaruani, faida huingia nyumbani kwao, kwa mwajiri wake, hata kwenye ushuru wa soko. Katika sanduku la kikundi haiingii senti. Kazi ya namna hiyo haikopesheki. Ni ya kulipiwa na umma, kama umma unavyolipia taa ya barabarani bila kumdai kila apitaye chini yake. Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: vikundi vya mitaani vinavyotunza afya ya akili vipewe ruzuku; iwe ndogo, idumu miaka, na shilingi yake ya kwanza itoke kwetu wenyewe kabla hatujamtazama mfadhili.

Wako watakaosema wagonjwa wa akili wana hospitali yao. Kweli, Mirembe ipo Dodoma tangu mwaka 1927, na Lutindi iko milimani Korogwe tangu enzi za Wajerumani. Aliyeshikwa na ugonjwa mzito anahitaji daktari na dawa, na anayemshauri atupe dawa abaki na maombi peke yake anamwangamiza. Lakini huyo ndiye tunayemwona. Tusiyemwona ni mjane anayefika zahanati akilalamika kichwa, mara moyo unaenda mbio, mara usingizi hauji. Akapewa vidonge vya maumivu, akarudi na mzigo wake uleule. Huyo hatapanda basi kwenda Dodoma, wala hahitaji kwenda. Anahitaji mtu wa kukaa naye, aliyefundishwa namna ya kukaa.

Je, mtu asiye daktari aweza kazi hiyo? Swali hili lilikwisha kujibiwa, na lilijibiwa na Waafrika. Mwaka 2006 Dk. Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe, alitaka kuanzisha huduma Mbare, mtaa wa watu wa kipato duni jijini Harare. Zahanati haikuwa na chumba cha kumpa, wala muuguzi wa ziada. Alichopata ni bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa jamii, na benchi nje ya jengo. Bibi hamkemei mgonjwa wala hamhubirii. Humwacha ayataje yanayomkaba, achague moja, watafute pamoja hatua ya kulianza, kisha arudi wiki nyingine waangalie limefikia wapi. Baada ya vikao vichache mtu huunganishwa na kundi la wenzake, ambako wanazungumza huku wakisuka mifuko. Miaka kumi baadaye utafiti juu ya watu 573 katika zahanati za Harare ulichapishwa. Miezi sita tangu kuanza, kati ya kila watu 100 waliopata huduma ya kawaida, 50 hivi walikuwa na sonona. Kati ya waliokaa na bibi, walikuwa 14.

Wala si Harare tu. Ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, huko Masaka na Rakai, wilaya za Uganda zilizochinjwa na ukimwi kama ilivyochinjwa Kagera yetu, vijiji 30 vilifanyiwa jaribio la kutibu sonona kwa vikundi. Viongozi wa vikundi walikuwa wenyeji, wamefundishwa wiki mbili, wakakaa na wenzao mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: waliobaki na sonona katika vijiji vyenye vikundi hawakufika 7 katika 100, na katika vijiji visivyo na vikundi walizidi nusu. Dawa gani ya kununuliwa ingetupa hivyo, tusiipiganie bungeni?

Tazama sasa kazi hiyo inakula nini. Inakula nauli ya kumfuata mtu aliyekosa vikao viwili, vocha ya kumpigia anayeamka usiku wa manane, chai na sukari yake, na zaidi ya vyote inakula posho ya muuguzi mwenye ujuzi wa afya ya akili anayekuja kila mwezi kuwasikiliza wasikilizaji, maana nao huchoka, nao huenda nyumbani na vilio vya watu vichwani. Ni vitu vidogo visivyokoma. Andiko la mradi, kwa upande wake, hupenda vitu vikubwa vinavyokoma: semina ya siku tatu ukumbini, fulana na kofia, bango lenye nembo, mgeni rasmi. Fungu la nauli mfadhili hulikata kwanza, maana halipigiki picha. Mwaka ukiisha, ruzuku imeisha, na mtu aliyeanza kufungua moyo mwezi wa kumi anaambiwa mwezi wa kwanza kwamba mradi umefungwa. Ni heri asingefunguliwa. Na Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tuliona jinsi kazi ya miaka inavyoweza kusimama kwa wiki chache, pasipo kosa la yeyote aliyekuwa akihudumiwa.

Basi mfadhili mwenye nia njema, wa ndani au wa nje, namwomba: kile ulichokusudia kutoa kwa mwaka mmoja, kigawe kwa miaka mitatu au minne. Kikundi cha watu kumi hakijui kutumia fedha nyingi kwa haraka isipokuwa kwa kuziharibu.

Na liko jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii mpaka limewaumiza. Ruzuku hutaka hesabu, na ni haki yake. Lakini imezoeleka kudai orodha ya mahudhurio yenye jina, simu na saini, pamoja na picha, pamoja na hadithi ya mtu aliyefanikiwa. Kwa kisima cha maji hakuna ubaya. Kwa afya ya akili, orodha ya mahudhurio ni orodha ya wagonjwa, na picha ya benchi ni tangazo kwa mtaa mzima. Isitoshe, Kanuni yetu ya Adhabu bado inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji (Mahakama Kuu ya Kenya ilikitangua kifungu cha namna hiyo Januari 2025, sisi bado). Karatasi inayoonyesha nani alimweleza nani kwamba alitaka kujitoa uhai si ya kuzunguka maofisini kama kiambatanisho cha stakabadhi. Kikundi kihesabu vichwa, vikao na rufaa za kwenda zahanati. Majina yabaki kwenye daftari moja lenye kufuli, na mkaguzi aridhike kwa kuhojiana na muuguzi msimamizi. Mfadhili asiyekubali hilo aachwe aende, hata kama mkono wake ni mzito.

Nanyi ndugu zangu wa vikundi, msidhani nawapamba. Vikundi hewa vilivyoua mikopo mnavijua, na vingine vilianzishwa na watu wanaosali safu moja nasi. Anzeni kabla ya fedha. Kikundi kilichokaa miezi kadhaa kwa michango yake ya mwezi, chenye katiba, muhtasari wa vikao na watia saini watatu wasio wa familia moja, kina haki ya kudai. Kilichozaliwa wiki lilipotoka tangazo la ruzuku kinastahili kushukiwa. Jueni na mpaka wenu: hamfungi mtu minyororo, hamtoi dawa, na anayesema atajidhuru halali kwenu akisubiri kikao kijacho, bali anasindikizwa hospitali siku ileile. Aliyepata nafuu akataka kufuga au kushona, huyo sasa mpelekeni kwenye ile asilimia 10. Hapo mkopo una kazi yake.

Serikali nayo haianzi patupu. Mwaka 2024 ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mbare ilifaulu kwa kuwa bibi wale walikwisha kuwa watu wa zahanati, wanajulikana kila nyumba. Nasi tuwape wahudumu wetu somo la kusikiliza, kisha vikundi viwazunguke.

Bajeti ya halmashauri huanzia kwenye vikao vya vijiji na mitaa, miezi mingi kabla ya Julai 1. Mkutano ujao, mwenyekiti akimaliza ya barabara na maji, simameni mdai fungu lenye jina: nauli za wasikilizaji, vocha, na posho ya muuguzi msimamizi, kwa miaka mitatu mfululizo. Diwani akiuliza fedha zitatoka wapi, mwombeni asome kwa sauti fungu la semina na safari.