Maji ya Kisima na Sabuni ya Kunyunyizia Kunde

Mkulima wa pwani achanganyapo sabuni na maji ya kisima ili kuwaua vidukari wafyonzao kunde zake, mara nyingi huona povu halitoki, bali utando mweupe huelea juu. Husema sabuni ni mbovu. Kwa maoni yetu, sabuni yasingiziwa. Maji yapitayo katika mawe ya matumbawe huyeyusha chokaa, na chokaa hiyo hushikana na sabuni ikawa mabonge yasiyoyeyuka. Mabonge huziba tundu za bomba, wala hayamlowanishi mdudu. Naye asipolowana hafi. Kuongeza sabuni ni kuilisha chokaa kwanza, kunde baadaye, na sabuni hununuliwa kwa fedha.

Kinga maji ya mvua, uyaweke kwa kazi hii. Yakikosekana, chemsha ya kisima, yaache yatulie, uchote ya juu. Chokaa nyingi hubaki chini ya sufuria. Lakini kisima kilichoingiwa na maji ya bahari hakifai hata yakichemshwa, kwa maana chumvi nayo huitenga sabuni na maji: wapikaji wa sabuni huitia chunguni makusudi, sabuni ipande juu. Kabla ya kunyunyiza, tikisa maji na sabuni kidogo katika chupa. Povu lisiposimama, usiyapeleke shambani.