Picha ya Kaburi Haimchurii Mtu

Mchoraji akitangaza kwamba maonyesho yake yatakuwa ya makaburi ya kale, hakosi wa kumwambia: "Usituchurie." Imani hii imeshika bara na pwani, wasomi na wasiosoma. Eti ukitundika picha ya kaburi sebuleni umeyaita mauti, na aliyekaa kuichora amejichimbia lake. Naipinga imani hii kwa nguvu zangu zote, maana imetunyima sanaa ambayo ni haki yetu.

Waliotangulia katika pwani hii hawakuwa na hofu hiyo. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, yapo makaburi ya karne ya 18 yaliyopachikwa vyombo vya kaure kutoka China. Kule Mambrui, nguzo ya kaburi iliyoanguka mwaka 1934 ilikuwa imepambwa kwa mabakuli ya enzi ya Ming. Kaure ile ilivuka bahari, ikapita mikono mingi, ikawa fahari ya nyumba ya tajiri. Wazee wakaitoa mezani wakaipachika mahali ambapo hakuna atakayeilia chakula tena. Anayeliogopa kaburi halipambi hivyo. Na Takwa, kisiwani Manda, kwenye kaburi la nguzo lenye maandishi ya karne ya 17, watu wa Shela wamekuwa wakienda kuomba mvua. Mvua ni uhai, wanauombea kaburini.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga utenzi wa Al-Inkishafi, aliyatazama magofu ya Pate na wakubwa wake waliokwisha kuoza, akaionya nafsi yake. Hatumwiti mchuro. Tunamfundisha vyuoni. Kwa nini basi mshairi aruhusiwe, mchoraji akemewe?

Wapo watakaoleta hoja ya dini, kwamba makaburi hayapaswi kujengewa. Hoja hiyo naiheshimu, lakini inahusu kujenga, si kutazama. Kuzuru makaburi kumehimizwa kwa sababu kunakumbusha akhera.

Mwaka 1880 mjane Marie Berna alimwagiza Arnold Böcklin, mchoraji wa Uswisi, picha ya kumkumbukia marehemu mumewe: kisiwa cha wafu, na mashua iliyobeba jeneza ikikikaribia. Hadi 1886 Böcklin alikuwa amekichora kisiwa hicho mara tano, na nakala zake zikatundikwa katika nyumba nyingi sana za Ujerumani. Waliozitundika walikufa, kama walivyokufa wasiozitundika.

Kinachomvuta mchoraji kaburini ni kungoja. Aliyemo anangoja kiyama, mjane anangoja zamu yake, ukuta unangoja mzizi wa mti uupasue. Hakuna anayeharakishwa. Hayo huyapati kwa twiga na machweo tunayowachorea watalii mwaka nenda mwaka rudi! Na wakati sisi tukigeuza nyuso, mabakuli mengi yameng'olewa kwenye makaburi ya pwani yetu, yamebaki matundu. Usichothubutu kukitazama utakilindaje?

Chuo cha sanaa cha Bagamoyo, TaSUBa, kiko kilomita chache tu kutoka makaburi ya Kaole. Wanafunzi wa uchoraji wapelekwe huko na rangi zao, wakae na nguzo zile asubuhi hadi jioni. Kisha kazi zao zitundikwe ukumbini kwa jina kamili, maonyesho ya makaburi, na wazazi wao waalikwe siku ya ufunguzi.