Kwa nini wauguzi hodari hukwepa vyeo?

Huenda wewe msomaji umewahi kulaza jamaa yako hospitalini ukaona mambo yakienda mrama. Maji ya mshipani yamekwisha na hakuna wa kuyabadilisha, shuka ni zile za juzi, na usiku kucha yupo muuguzi mmoja tu akihangaika na wodi nzima. Bila shaka ulimlaumu yule muuguzi. Lakini je, uliuliza ni nani aliyepanga zamu ile?

Mpangaji ni muuguzi msimamizi wa wodi, ambaye wengi humwita sista incharji. Ndiye huagiza glavu na dawa kutoka stoo, huweka ufunguo wa kabati la dawa za kulevya, na ndiye huitwa ofisini jambo likiharibika. Katika zahanati nyingi za humu nchini, msimamizi wa kituo kizima ni muuguzi. Ajabu ni kwamba wauguzi wengi walio hodari hawaitaki kazi hiyo.

Siwalaumu sana, kwani nami nilikuwa mmoja wao. Matroni aliponiita kunipa wodi ya kujifungulia, niliomba siku tatu za kufikiri, kisha nikakataa. Nilijiambia kwamba nilisomea kuzalisha akina mama, si kujaza fomu. Isitoshe, nyongeza ya mshahara ilikuwa ya kuchekesha. Halafu kuna hili la kuwa mkubwa wa watu uliokunywa nao chai jana: ukimnyima mwenzako likizo ya Krismasi leo, hadi Pasaka hakusalimii.

Cheo kile kilimwendea mwenzetu ambaye pia hakukitaka, ila hakujua kukataa. Hakufunzwa lolote. Alikabidhiwa ufunguo na daftari Ijumaa, Jumatatu akaanza. Haukupita muda glavu zikatuishia, kwa kuwa hakuna aliyemwambia oda hupelekwa stoo mapema kabla ya mwezi kuisha. Akina mama wenye uchungu wakawa wanaambiwa watume jamaa zao dukani wakanunue glavu. Nilishindwa kumtazama mmoja wao usoni. Mimi oda ile niliijua vizuri.

Tangu huduma za afya zikabidhiwe kaunti mwaka wa 2013, maamuzi mengi ya pesa na wafanyakazi hufanyiwa karibu zaidi na wodi. Ikiwa mezani hapo hakuna muuguzi, nani atasema kwamba watu wawili hawatoshi zamu ya usiku? Na haifai kudhani kwamba muuguzi hawezi uongozi. Eunice Muringo Kiereini, aliyekuwa muuguzi mkuu wa Kenya, aliliongoza Baraza la Kimataifa la Wauguzi kuanzia 1981 hadi 1985.

Hata hivyo, waajiri wasidhani nawatetea. Kumtwika mtu mzigo bila mafunzo wala marupurupu, kisha kumshangaa anapoukimbia, ni kumwonea. Mgomo wa wauguzi wa 2017, uliodumu takriban miezi mitano, uliwakumbusha wengi jinsi msimamizi anavyobanwa katikati: wenzake wako nje, waajiri wanamtaka ndani. Mafunzo ya kusimamia watu, stoo na pesa yatolewe kabla ya ufunguo, si baada. Msimamizi apewe naibu. Na asiondolewe kabisa kwa wagonjwa, maana hofu hiyo ndiyo huwafukuza walio bora.

Niliitwa tena miaka minne baadaye. Safari hii nilikubali, kwa sharti moja: nibakishiwe zamu mbili kila wiki za kuzalisha. Matroni alicheka, akasema nitaona mwenyewe kama nitazipata.

Nilikuwa nikipata moja.