Kanuni na Ukiushi katika Michoro ya Vera Molnár

Miongoni mwa wahakiki wapo wanaoshikilia kwamba sanaa dhahania, hasa ile iliyochorwa kwa kompyuta, haina maana kwa kuwa haina mkono wa mtu ndani yake. Kazi za Vera Molnár, aliyezaliwa Budapest mwaka 1924 na kufariki Paris mwezi Desemba 2023, zatosha kuudhoofisha msimamo huo.

Molnár alisomea uchoraji Budapest, akahamia Ufaransa mwaka 1947. Kuanzia mwaka 1959 alifuata utaratibu aliouita "mashine ya kufikirika": alijiwekea kanuni chache, kisha akazitekeleza kwa mkono, hatua kwa hatua, kana kwamba yeye mwenyewe ndiye mashine. Alipoanza kutumia kompyuta mwaka 1968, hakubadili mbinu hiyo. Alipata tu chombo cha kuitekelezea.

Hata hivyo, kanuni peke yake haikumtosheleza. Katika michoro ya (Dés)Ordres ya mwaka 1974, miraba hupangwa ndani ya miraba kwa utaratibu maalumu, kisha baadhi ya mistari hupotoshwa kidogo kwa bahati nasibu. Mwenyewe alizungumzia asilimia 1 ya vurugu. Mwanaisimu ataitambua hali hii mara moja: ukiushi huwa na maana pale tu kanuni inapotambulika. Pasipo kanuni hakuna ukiushi, bali fujo.

Ushahidi mzito zaidi ni mfululizo wa Lettres de ma mère, yaani Barua za Mama Yangu, wa kati ya mwaka 1981 na 1990. Mama huyo alimwandikia bintiye kila wiki. Kila mstari ulianza kwa mwandiko ulionyooka, ukaishia kwa mwandiko wenye wahaka. Na kadiri miaka ilivyopita, wahaka huo ulizidi kuenea ukurasa mzima. Molnár aliuiga mwandiko huo kwa kompyuta. Hakuna neno hata moja linalosomeka humo, lakini mtazamaji hutambua kwamba hizo ni barua, na kwamba mkono ulioziandika unachoka.

Kudai kwamba kazi hiyo haina maana ni kuifanya maana kuwa mali ya maneno pekee. Kwa isimu, iliyozoea kuchambua matini zilizokwisha kupigwa chapa, mwandiko huonekana kuwa ganda tu la ujumbe. Barua hizo zinaonyesha kwamba ganda nalo lina ujumbe wake. Mkono unaodaiwa kukosekana ndio hasa uliochorwa.