Kugeuka Mara ya Pili

Mwezi huu twataka kunena juu ya moyo uliofunguka, yaani moyo ulio tayari kuacha njia iliyochakaa na kushika iliyo bora. Wengi hudhani ya kuwa mtu akisha kugeuka mara moja, kazi yake imekwisha. Sivyo. Na ushahidi hatuufuati mbali. Umo katika mashamba yetu ya Ufipa, hapa Kasense na vijiji vyote vinavyozunguka Sumbawanga.

Wazee wa zamani walifua majembe yao wenyewe. Walijenga matanuru ya udongo, marefu kupita kimo cha mtu, yaliyoitwa malungu. Humo waliyeyusha mawe ya chuma pasipo mivukuto, kwa maana upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini. Ilikuwa kazi ya heshima, yenye mafundi wake na miiko yake. Walakini majembe ya dukani yalipofika, tena kwa bei nafuu, moto wa malungu ulififia, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ukazimika.

Pamoja na jembe, wazee walikuwa na ntumba. Mvua zikielekea kwisha, mkulima hukata majani pamoja na udongo wake, akayapanga kuwa tuta la mviringo, majani ndani, udongo nje. Juu yake aweza kupanda maharage. Majani yakioza huwa chakula cha ardhi. Na msimu unaofuata tuta huvunjwa, udongo ukatawanywa, ulezi ukapandwa.

Baadaye zikaja plau ya ng'ombe na mbolea ya chumvichumvi. Wengi waligeuka, wala hawakukosa. Mkoa wa Rukwa, ulioanzishwa mwaka 1974, ulihesabiwa katika miaka ya 1980 pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Lakini mbolea ile ilikuwa nafuu kwa sababu Serikali ilichangia bei yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mchango huo ulipunguzwa, hata ukaondolewa, na bei ikapanda. Ndipo mioyo ilipojaribiwa.

Tumfikirie baba mmoja wa siku zile. Alipokuwa kijana alimsihi mzee wake akubali plau, mzee akamjibu, “Mwacha asili ni mtumwa.” Kijana akashika njia yake, akafanikiwa. Sasa yeye ndiye mwenye mji. Mbolea haipatikani, na shamba limechoka. Mkwewe amwambia kwa adabu, “Baba, tufukie majani katika kipande kile cha chini, tuone.” Naye ajibu, “Mambo ya kale nimekwisha kuyaacha.” Na ghala yazidi kupungua, na watoto wa mkwewe ndio watakaolala njaa.

Je, baba huyu ana tofauti gani na mzee wake? Mmoja alikataa neno kwa kuwa ni jipya. Wa pili alikataa kwa kuwa ni la kale. Hakuna aliyekwenda kuitazama ardhi. Mlango uliofungwa ni ule ule, ila ufunguo umebadilika mkono. Ntumba haikuwa njema kwa sababu ni ya wazee, wala plau haikuwa njema kwa sababu ni ngeni. Kila moja yapimwa kwa kazi yake: yailisha nyumba, au hailishi?

Wenye umri husema, “Samaki mkunje angali mbichi,” wakajiona wao wamekwisha kukauka. Mithali hiyo yahusu malezi ya watoto. Haikutolewa iwe kinga ya watu wazima. Ng'ombe wa kwanza wa plau hawakufundishwa na watoto wachanga. Walifundishwa na watu wazima waliokubali kuwa wanafunzi.

Nanyi walimu, jambo hili lawahusu pia. Mwalimu aliyesifiwa miaka 20 iliyopita kwa kuleta njia mpya darasani, leo aweza kuwa ndiye wa kwanza kuidharau njia ya mwalimu kijana. Na kijana naye, aliyetoka chuoni jana, asimdharau mkubwa wake. Pengine mkubwa ajua kwa nini watoto wa kijiji kile hukosa shule wakati wa palizi.

Basi, akina baba na akina mama, neno jipya likiingia nyumbani kwenu, msilikubali upesi wala msilifukuze upesi. Lipeni kipande kidogo cha shamba, na msimu mmoja. Mvua zikiisha, nendeni pamoja, mkubwa na mdogo, mkatazame kilichoota. Kisha semeni yaliyo kweli, hata kama aliyeshinda ni mkwe.