KUNG'AA SI USHUHUDA

Ndugu wanafunzi, na ninyi waalimu wetu,

Sisi wa mwaka wa sita Bio-Chimie tunapenda kusema neno juu ya vipimo vya labo, kwani wengi wanafikiri: rangi ikionekana, mambo yamekwisha. Hapana, hayajaisha.

Tuchukue mfano wa seli zinazofugwa ndani ya kisahani. Seli nyingi zinachoma sukari kwa oksijeni ili zipate nguvu. Lakini sehemu ndogo ya oksijeni inageuka kuwa kali, kama cheche zinazoruka toka makala. Seli iko na walinzi wa kuzizima. Cheche zikiwashinda, mafuta na protini za seli zinaharibika. Huo ndio mkazo wa oksijeni.

Kuupima, kuna rangi moja inayoitwa DCFH-DA. Keston na Brandt waliitumia mwaka 1965 kupima maji ya oksijeni, yale manesi wanaoshea vidonda. Inaingia ndani ya seli bila kung'aa. Seli inakata mikia yake, nayo inabaki humo. Cheche zikiigeuza, ukiimulika kwa mwanga wa buluu, inang'aa kijani. Kijani kingi, mkazo mwingi. Rahisi, sivyo?

Si rahisi. Maji ya oksijeni peke yake hayaiwashi vizuri, mpaka yasaidiwe na chuma au enzima. Tena taa ya kupimia yenyewe inaweza kuigeuza. Hata seli inayokufa inatoa vitu vinavyoiwasha. Ndiyo maana mwaka 2022 wataalamu wa nchi mbalimbali walionya katika gazeti Nature Metabolism kwamba rangi hii haiwezi kutuambia ni cheche gani iliyoiwasha.

Sababu gani tunawasumbua na habari hii? Sababu mtu anaweza kuja sokoni na chupa yake akisema: «Inaondoa sumu ya oksijeni, imepimwa labo!» Na mama fulani atauza kuku zake ainunue. Basi aliyesoma amuulize: kisahani kisichotiwa dawa kilionyesha nini? Na kile kilichotiwa sumu makusudi? Kipimo cha namna nyingine kilikubali? Tena, kisahani ni mtu?

Tunaomba waalimu watoe pointi kwa ulinganisho, si kwa jibu zuri tu. Na sisi wanafunzi tusiandike «imehakikishwa» kabla ya kujua ni nini kimewasha ile kijani.

Kwa jina la mwaka wa sita,
Mkubwa wa wanafunzi